Paja Moja, Mtoto Mmoja

Kitu kilichompandisha mori Mama Geti kuliko vyote ni kumwona mtu mzima, mzigo wake wote ni simu, akitangulizwa kuingia ndegeni, huku nyuma mwanamke mwenye mtoto mgongoni, mtoto mkononi na begi la nepi begani akiambiwa asubiri kidogo. Asubiri nini? Hilo "kidogo" hakutaka hata kulisikia. Alikuwa kwenye geti namba tatu la uwanja ule wa ndege tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote, na katika miaka yote hiyo hajapata kumwona mtoto mchanga anayeelewa maana ya kidogo.

Jina la Mama Geti alipewa na wapakia mizigo, nao walilitoa kwa heshima iliyochanganyika na woga. Mwanamke mwenyewe alikuwa mfupi, mzito wa hatua, sauti kubwa kuliko kipaza sauti alichopewa. Kazini alikuwa na pea mbili za viatu: vya kisigino, vya kuonekana na wakubwa, na kandambili za bluu alizozificha chini ya meza. Jua likishapanda na miguu ikaanza kuvimba, huvua vile vya wakubwa akahudumia abiria kwa kandambili, juu sare imenyooka hadi kola, chini mambo ya nyumbani. Aliyethubutu kuchungulia chini ya meza alitupiwa jicho la kumkumbusha mama yake mzazi.

Ukumbi ule aliujua kwa magoti kabla ya kuujua kwa miguu. Aliingia kazini akiwa msafishaji, akipiga deki chini ya viti na kuokota chupa za maziwa zilizosahauliwa na soksi za watoto zisizo na wenzake. Huko chini ndiko alikoanza kukasirika. Aliona jinsi akina mama wanavyohangaika: huyu anabadilisha nepi juu ya begi kwa sababu chumba cha kubadilishia kimefungwa na haijulikani ufunguo uko kwa nani, yule anamkimbiza mtoto kati ya miguu ya watu huku jina lake linatangazwa kwa mara ya mwisho. Alipopandishwa cheo, akapewa sare na mashine ya kusoma kadi, alijiapia kwamba kwenye geti lake mambo hayo hayatakuwapo.

Akawa na namna yake ya kupanga foleni. Haangalii kadi, anaangalia mikono. Aliyejaza mikono yote miwili apite kwanza, awe amebeba mtoto au ameshika mgonjwa. Wengine wote, hata awe nani, wakae wapumzike. Ukimuuliza sababu alikuwa nayo, tena haikuwa huruma tupu. Mama akiingia wa mwisho anakuta makabati ya juu yameshajaa, begi la maziwa linapelekwa safu za nyuma kabisa, yeye anakwama katikati ya njia na watoto wanalia, na ndege nzima inamsonya. Akiingia wa kwanza, wenzake wanamkuta ameshakaa na mtoto ananyonya, na hapo hakuna wa kumsonya mwenzake.

Ipo sheria moja ya watoto ambayo hata yeye hakuipinga. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupakatwa, na mtu mzima mmoja hupakata mtoto mmoja, basi. Hewa ikipungua huko juu na zile barakoa zikaning'inia, mtu mmoja hawezi kujivisha yeye na kuwavisha watoto wawili kwa wakati. Labda uje na kile kiti maalumu cha mtoto kinachofungwa kwa mkanda, ambacho wengi wa abiria wa pale hawajawahi hata kukiona. Paja moja, mtoto mmoja: ndivyo walivyoisema getini. Mama Geti aliikubali, kisha akaitafutia dawa. Akitokea mzazi ana wawili, alishika kipaza sauti na kuuliza, "Jamani, nani ana paja la bure?"

Watu hucheka. Kisha mkono mmoja huinuka, kisha wa pili, na mwisho wake huwa ugomvi wa nani aliwahi. Watoto wa watu wamesafiri kwenye mapaja ya wauza nyama, ya maharusi wanaokwenda fungate, na safari moja kwenye paja la mpiga masumbwi mwenye pua iliyovunjika, ambaye inasemekana alimwimbia mtoto njia nzima mpaka majirani wakaomba bora mtoto alie.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka alipoletwa meneja mpya. Huyu alikuwa mwanamume wa makamo, nadhifu, mwenye tai isiyojua kulegea, na sentensi yake haikwisha bila neno utaratibu ndani. Mama Geti akambatiza Bwana Utaratibu siku ileile ya kwanza. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia wasafishaji, alifika kazini mapema kuliko wote, na hilo nalo lilimuudhi Mama Geti, maana lilimnyima raha ya kumchukia vizuri.

Bwana Utaratibu aliwagawa abiria makundi. Mbele wakawekwa waliolipia kutangulia, nyuma yao wasafiri wa mara kwa mara, kisha wenye viti vya nyuma. Familia zenye watoto wadogo zikatupwa kundi la nne, eti kwa faida yao wenyewe, kwa sababu watoto wakikaa muda mrefu ndani ya ndege iliyosimama wanasumbua. Lile paja la bure nalo likapigwa marufuku. Anayempakata mtoto sharti awe kwenye tiketi moja na mzazi.

"Likitokea la kutokea, nani atawajibika?" Bwana Utaratibu alimuuliza Mama Geti mbele ya wenzake.

"Si huyo aliyemshika? Tangu lini mtu akapewa mtoto wa mwenzake akamwachia adondoke?"

"Huo si utaratibu, mama."

Alionywa mara ya kwanza kwa jibu hilo, na mara ya pili kwa kumpitisha bibi mwenye mjukuu mbele ya bwana mmoja aliyelipia kutangulia. Jioni ile alifika nyumbani anatoa moshi. Mume wake alikuwa fundi wa majokofu, amestaafu lakini majirani hawakumwacha astaafu, na wakati huo mkono wake ulikuwa umezama hadi kwapani nyuma ya jokofu la mtu. Alimsikiliza mkewe mpaka akaishiwa pumzi.

"Mama watoto, kuna onyo la tatu?"

"La tatu hakuna. La tatu ni mlango."

"Basi nyamaza. Umebakiza mwaka tu upate kiinua mgongo chako. Fungua mdomo wakati wa kula, halafu uufunge."

"Wewe na majokofu yako mna roho moja," Mama Geti alimwambia. "Baridi tupu."

Lakini maneno yalimwingia. Kuanzia kesho yake akawa mpole, akisoma kadi na kusema karibu na safari njema kama msichana aliyeajiriwa jana. Abiria waliomzoea walimtazama mara mbili wakidhani anaumwa. Na kweli alikuwa anaumwa: hasira iliyozoea kutokea mdomoni ilihamia tumboni, akawa hatembei bila vidonge vya kiungulia.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto, na kiyoyozi cha ukumbi kilikuwa kimekufa tangu asubuhi. Ndege ya alasiri ilikuwa imejaa. Mlango wa ujia mrefu unaokwenda hadi ndegeni ulikuwa wazi, Mama Geti yuko kwenye mashine yake, na pembeni, redio mkononi, amesimama Bwana Utaratibu mwenyewe, kwa sababu wiki ile ndege za geti lile zilikuwa zimechelewa na wakubwa wake walikuwa wamemkalia kooni.

Kwenye kundi la nne alisimama msichana wa umri wa binti yake wa mwisho, na mapacha wa miezi michache. Mmoja kamfunga kifuani kwa kitenge, wa pili kamlaza mkononi, na begi analisukuma kwa mguu. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni na hakuwa na mkono wa kulifuta. Waliolipia walipita, mmoja baada ya mwingine, wanaume waliokauka vizuri wenye vibegi vya kubebea karatasi. Wakapita wa mara kwa mara. Yule wa mkononi akaanza kulia, wa kifuani akamsikia akamjibu.

Msichana akatoka kwenye mstari akasogea mezani. "Shikamoo mama. Naomba nipite tu nikae. Hawa wamechoka."

Mama Geti alimtazama yeye, akaitazama njia iliyo wazi nyuma yake, akahisi macho ya meneja upande wa shavu.

"Marahaba, mwanangu. Subiri kidogo."

Alilisikia neno likitoka na hakuamini kwamba ni la kwake. Msichana alirudi mahali pake, na tangu hapo kila Mama Geti alipoinua uso alikuta yale macho yanamwangalia, hayana ugomvi, yanamwangalia tu kama mtu anayejua kwamba msaada upo na muda si mrefu utakuja. Alimchukia aliyetunga makundi, akamchukia aliyevumbua kulipia kutangulia, akaichukia na kadi aliyokuwa ameishika na mwenye kadi ambaye hakuwa na kosa lolote.

Zamu ya kundi la nne ilipofika, msichana yule, tumwite Mama Pacha, alitoa kadi mbili.

"Na huyu wa pili anapakatwa na nani?" aliuliza Bwana Utaratibu kabla Mama Geti hajafungua mdomo.

"Na mdogo wangu. Ndiye mwenye kadi hii. Lakini hakuweza kuja, amepasuliwa kidole tumbo leo alfajiri." Kaunta ya chini walimpitisha walipoona kadi mbili zilizochapwa tangu jana, wakadhani mwenye ya pili yuko nyuma anafunga kiatu. "Kiti chake kipo, kaka yangu. Kimelipiwa, ni pembeni yangu."

"Kiti hakipakati mtoto, dada. Una kile kiti maalumu cha watoto?"

"Sina."

"Basi pole sana. Itabidi usubiri ndege ya keshokutwa, uje na mtu mzima mwingine."

Hapo Mama Pacha akaanza kusema haraka haraka, kama anayeogopa kukatishwa. Baba wa watoto yuko huko ndege inakokwenda. Ni mpishi wa meli. Meli inang'oa nanga kesho asubuhi na harudi mpaka mwaka upite. Yeye alikuja kujifungulia kwa mama yake, na mwenzake hajawaona watoto hawa isipokuwa kwenye simu. "Usiku wa leo tu ndio tulionao. Akirudi watakuwa wanatembea. Watamkimbia, kaka yangu, watamwona mgeni."

Ukumbi wote ulikuwa unasikiliza. Jitu moja la miraba minne lililokuwa kundi la mwisho, fundi wa magari kwa jinsi grisi ilivyokuwa imekula kucha zake, likanyoosha mkono juu. "Mpe mimi huyo. Mimi nimelea sita."

"Au mimi," alisema mwanamke wa makamo aliyekuwa nyuma yake. "Nafundisha chekechea, mambo ya watoto nayajua."

"Nawashukuru, lakini hamumjui, naye hawajui ninyi," Bwana Utaratibu alijibu. "Hamko tiketi moja. Likitokea la kutokea, mtakuja kunisemea ninyi?"

Minong'ono ikapanda. Kisha, bila kuambizana, watu wakageuza nyuso kwa Mama Geti, maana wengi wao walikuwa wanamfahamu na walishalisikia paja la bure zamani. Mama Pacha naye akamtazama. Mama Geti akainamia mashine na kuanza kuifuta kioo kwa kidole gumba. Mwaka tu. Alikuwa na maneno mpaka yanamkaba, maneno ya kumvua mtu tai, akayameza yote na mate yake machungu, na kioo kikazidi kung'aa.

"Sikuitunga mimi sheria," Bwana Utaratibu alisema, sasa naye ameanza kutoka jasho. Saa ya ukutani ilikuwa inamsuta. "Paja moja, mtoto mmoja. Na mmoja ningekupitisha sasa hivi. Na wawili, haiwezekani."

"Na mmoja naruhusiwa kupanda?"

"Na mmoja unaruhusiwa. Ndiyo maana yake."

"Haya," Mama Pacha alisema. "Nishikie."

Akamnyooshea yule wa mkononi, na Bwana Utaratibu akampokea.

Akampokea! Redio alishaibana kwapani na kiganja kiko chini ya kichwa cha mtoto kabla hajajua anachofanya. Na nani angefanya vingine? Mtu aliyelelewa na watu, ukimnyooshea mtoto ukamwambia nishikie, anashika. Ndivyo tunavyofunga viatu vyetu kwenye foleni, ndivyo tunavyokwenda msalani, ndivyo tunavyolipa dukani; mtoto anapita kwa mtu usiyemjua na anarudi. Mikono hutangulia, maswali huja baadaye. Maswali yalipomjia Bwana Utaratibu, Mama Pacha alikuwa ameshaweka kadi yake mwenyewe kwenye mashine, taa ya kijani imewaka, na mgongo wake unapotelea kwenye ujia. Alitembea bila kugeuka, shingo imekaza kama ya mtu anayepita mbele ya mbwa.

"Dada! We dada! Rudi hapa!"

Mtoto, aliposikia ukelele ule sikioni, alikunja uso, akavuta pumzi ndefu na kuiachia yote.

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Hakikuwa kicheko cha kumfurahia mtu. Watu waliokuwa wamesimama kwenye joto wakiangalia yale yote walikuwa wanalipa kisasi kwa meno. Bwana Utaratibu akageuka kwa Mama Geti na kumnyooshea mtoto.

"Mshike, mama."

Mikono ya Mama Geti ilisogea yenyewe. Akairudisha. Akaikunja kifuani, kiwiko juu ya kiwiko, akainua kidevu.

"Mimi simo kwenye tiketi yake," alisema.

Hapo ndipo watu walipopagawa. Meneja akamnyooshea mwalimu wa chekechea. Mwalimu akaficha mikono nyuma, akasema hamjui mtoto huyo, wala mtoto hamjui yeye. Akamgeukia fundi wa magari, na lile jitu lililolea sita likaitumbukiza mikono yake mifukoni. "Utaratibu, bwana mkubwa!" sauti ikapigwa kutoka nyuma. "Likitokea la kutokea?" Mtoto alilia mpaka akawa mwekundu kwenye fizi, miguu inapiga hewa, na Bwana Utaratibu amesimama katikati ya watu wazima tele, amemshika mtoto mbele yake, hana wa kumpokea.

Mama Geti alijisikia vizuri, tena vizuri sana. Kiungulia kilinyamaza kwa mara ya kwanza tangu alipoanza kuwa mpole. Mikono ilimwasha, hilo ni kweli, kila mtoto alipokatika pumzi ilimwasha mpaka kwenye vidole, lakini aliibana chini ya makwapa akajiambia mwache leo aonje.

"Nenda kamtoe yule mwanamke ndegeni."

"Siendi."

"Unajua maana yake hiyo?"

"Naijua. Maana yake mlango. Siendi."

Redio ikakwaruza: rubani anauliza kulikoni. Kumtoa Mama Pacha kulikuwa na maana ya kuyatafuta na mabegi yake kwenye shehena yote iliyokwisha kupakiwa, na huko kulikuwa ni kuchelewa kwa aina ambayo humfanya meneja aitwe ofisini na kuachwa asimame. Bwana Utaratibu alifumba macho. Kisha, ukumbi mzima ukimwangalia, alilegeza tai, akamgeuza mtoto akamwegemeza begani, akaanza kumpigapiga mgongoni taratibu huku anaguna kitu kisicho na maneno. Si mara yake ya kwanza, ilionekana. Mtoto aliendelea kulia, lakini sasa alikuwa analia kama anayesimulia.

"Pitisha waliobaki," alimwambia Mama Geti.

Kundi la mwisho likapita, fundi na mwalimu wakiwa mbele, wengine wakimpa Mama Geti hongera kwa kumgonga bega. Wa mwisho alipokwisha kuingia, Bwana Utaratibu akashika njia ya ujia na mtoto begani. Mama Geti alimfuata. Kazi ya kumpeleka huko hakuwa nayo, ila alitaka kuona, na kama tusifichane, alitaka kushukuriwa. Alikuwa amehatarisha kiinua mgongo chake kwa ajili ya binti wa watu. Aliteremka ule ujia kifua mbele, anatunga jibu la unyenyekevu kwa baraka atakazopewa.

Ndani ya ndege watu walikuwa wameinua shingo. Mama Pacha alikuwa safu za katikati, mtoto mmoja pajani, kiti cha mdogo wake kitupu kando yake. Alipomwona meneja alijaribu kuinuka, mkanda ukamrudisha. Bwana Utaratibu hakumpa mtu muda wa kuzungumza. Alimwita fundi wa magari, akamkalisha kwenye kile kiti kitupu, akamwambia mkuu wa wahudumu aandike jina lake hapo. "Nimeruhusu mimi. Likitokea la kutokea, ni langu."

Mama Pacha hakumruhusu mtoto aende kwa fundi kwanza. Alimchukua yeye, akamkagua kichwa, vidole, nyayo, akamfuta kamasi kwa ncha ya kitenge, akamnusa shingoni. Hapo ndipo machozi yakamtoka. Hakuyafuta.

"Ahsante kwa kunishikia," alimwambia meneja.

"Safari njema, dada," alijibu Bwana Utaratibu, akageuka kwenda zake, doa la mate limetanda begani kwenye koti lake jeusi.

Mama Geti akainama, uso wote tabasamu. "Umeona, mwanangu? Nimemkomesha. Hatarudia."

Mama Pacha alimtazama. Yalikuwa macho yaleyale ya ukumbini, ila sasa yalikuwa yamefika mwisho wa kusubiri.

"Wameniambia alikupa umshike."

"Alinipa, eeh. Nikamkatalia katakata. Nikamwambia—"

"Na alikuwa analia."

"Alikuwa analia, mwanangu, lakini nilikuwa nakutetea wewe."

"Ulinitetea lini?" Hakupandisha sauti, na pembeni yake fundi wa magari akainamisha kichwa akawa anazitazama kucha zake. "Nimesimama pale na wawili, ukanyamaza. Wameninyima ndege, ukanyamaza. Ulipoletewa mmoja, analia, ukakunja mikono ili watu wacheke."

"Mwanangu..."

"Unadhani yule baba wa tai ndiye niliyemwachia? Mimi simjui. Nilimwacha mwanangu pale kwa sababu nilikuona wewe upo."

Mhudumu alimgusa Mama Geti kiwiko, akamwomba atoke, mlango unafungwa. Alitoka. Mlango ulifungwa nyuma yake na ujia ukabaki na joto na harufu ya mafuta. Mbele yake Bwana Utaratibu alikuwa anapanda pole pole, anakaza tai. Alisikia hatua zake, akasema bila kugeuka kwamba kesho asubuhi wataongea ofisini. Mama Geti alipandisha hadi ukumbini ana hasira nyingi kuliko alizoshuka nazo, na safari hii hakuwa na mtu wa kumfokea.